Lava Nyepesi

"Wewe na vijiwe vyako!" shemeji alifoka, akasimama mlangoni asimpishe. "Mwaka ule lava ilijikokota kama uji mzito. Tulihamisha mpaka makochi. Leo unataka tumtoe mama na nguo aliyovaa tu?"

Mtaalamu wa volkano hakuwa na muda wa kumbembeleza mume wa dada yake. Asubuhi ile alikuwa amepima maabarani jiwe jipya lililotoka mlimani.

"Ile ilikuwa na madini mengi ya silika, tena ilishaanza kupoa, ndiyo maana ikawa nzito. Hii ina silika kidogo na moto wake ni mkali zaidi. Inakimbia kama maji. Na nyumba umeijenga kwenye korongo, chini ya mteremko!"

"Kiwanja nilichagua mimi. Ndicho kinachokuuma, sema tu."

"Nipishe."

"Nyumba ni yangu."

"Na mama ni wangu."

Akampiga kikumbo, akaingia chumbani, akambeba mama yake mgongoni na kutoka naye mbio. Shemeji alibaki akitukana. Banda la kuku juu ya korongo lilipowaka, ndipo naye akatimua mbio, mguu mmoja una kiatu.

Wakiwa juu ya kilima cha pili, waliona paa likizama. Haikufika hata nusu saa.

"Umefurahi sasa?" shemeji akauliza, akihema.

"Kidogo," akajibu, wala hakumtazama.

Mama akaomba ageuzwe, atazame upande mwingine.