Simu Iliyoogopa Shavu

Alasiri hiyo Bibi Mariana wa Ngokolo alikuwa akipeta karanga, simu ikalia ting! kama kijiko kwenye kikombe. Ungo akautupa huko.

Bintiye Hosiana alikuwa amejifungua mtoto wa kiume kule Bulyanhulu. Walishakubaliana jina atoe bibi, ila Mariana hampi jina mtu asiyemwona uso. Nao wakwe wakasema: leo jua likizama hajanena, mtoto ataitwa la kwao. Sasa picha imefika.

Simu yenyewe aliletewa na mkwewe Athanas, mchimbaji. Ilikuwa ya kupangusa, katika zile za mwanzomwanzo, nene kama kipande cha sabuni. Tangu ije, jirani yake Mama Edward hakuchoka kuisema.

"Uso inao, pumzi haina. Unaichaji alfajiri, jioni haifiki. Kitochi changu hiki cha vitufe kinamaliza wiki!"

"Kitochi chako kimewahi kukuonyesha mjukuu?"

"Haya, nionyeshe."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Jua lilipiga kioo kikawa cheusi kama tako la sufuria. Bibi akajigubika kitenge, yeye na simu yake. Akapangusa, wapi! Vidole vya jembe, tena vyenye vumbi la karanga, simu haikuvijua.

"Inataka vidole vya karani hiyo!" Mama Edward akaangua kicheko.

Bibi akajifuta, akalamba kidole, akapangusa tena. Mara kelele ndani ya kitenge: "Mayu wane, mama yangu! Sikio! Njoo uone sikio!"

Mama Edward naye akajipenyeza humo. Kitoto kimenuna, na sikio la kushoto limejikunja kwa juu kama sambusa.

"Mama Hosiana! Si marehemu mumeo huyu?"

"Mzima mzima!"

Bibi akapiga simu. "Mwanangu, mtoto anaitwa..." Shavu likagusa kioo, simu ikakatika. Mtandao nao ukagoma, wakahangaika nao mpaka jua likaegemea paa la jirani. Ilipoita tena, Bibi akaishika mbali na uso kama chungu cha moto. "Hosiana, anaitwa..." Kioo kikazima. Chaji kwisha.

"Nipe kitochi!"

"Kipi? Hiki kipofu?" Mama Edward akajivuta makusudi.

"Nipe, mwanamke we, mjukuu wangu anachukuliwa!"

Kikatoka kifuani, kina joto lake. Namba ya bintiye Bibi alikuwa nayo kichwani. Akabonyeza, akakibandika shavuni bila woga.

"Anaitwa Maduhu, kama babu yake! Umesikia? Maduhu!"

"Nimesikia, mayu. Na wakwe wamesikia, umewapigia kelele masikioni!"

Vigelegele vikatoka huko, vikajibiwa huku, kuku wakakimbia karanga walizokwisha kuzivamia.

Bibi akaketi, akafuta macho. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Mmoja ana macho, hana pumzi. Mwenzake ana pumzi, hana macho."

"Simu yako na yangu!"

"Umepata. Basi usihame Ngokolo."