Gari Linaozwa

Fundi Vitanda alikuwa na wake wawili, mmoja wa damu na nyama, mwingine wa bati na magurudumu. Utani huo mkewe mwenyewe ndiye aliyeuanzisha, siku pikapu ilipoletwa nyumbani na mumewe akaiosha mara tatu kabla ya adhuhuri. "Mimi tangu tuoane hujawahi kuniuliza hata kama nimeoga," alimwambia. "Haya, karibu Bi Mdogo." Jina likaganda. Na penye Bi Mdogo hapakosi Bi Mkubwa, kwa hiyo naye mtaa ukambatiza papo hapo.

Miaka thelathini na moja Bi Mdogo alibeba vitanda. Fundi alipenda kusema kwamba nusu ya watu wa mtaa ule walianzia kwenye kazi ya mikono yake, na hakuna aliyembishia, maana vitanda vyake havikulia hata vikionewa. Sasa lakini Bi Mdogo alikuwa hoi. Mlango wa abiria ulibonyea kwa ndani na haukufunguka, kioo cha pembeni upande huo kilikuwa kimekatika, na taa moja ilitazama juu. Yote hayo yalitokea mchana kweupe, kwenye kona ya kwenda sokoni, Fundi akiwa kwenye usukani na Bi Mkubwa kando yake.

"Nguzo ile wameisogeza," Fundi aliwaeleza watu.

Nguzo ile ilikuwa pale kabla yeye hajaota ndevu, lakini watu walimstahi, wakatikisa vichwa na kuilaumu manispaa. Bi Mkubwa hakumstahi. Alikaa siku mbili bila kusema neno, ya tatu akasema moja tu.

"Chagua. Mimi au yeye."

"Mama watoto, ni suala la macho tu. Daktari amesema ni mtoto wa jicho. Atamtoa, nitaendesha kama zamani."

Hapo Fundi alidanganya, tena bila kupepesa. Daktari hakusema mtoto wa jicho. Alisema presha ya macho, akasema yaliyokwisha kupotea hayarudi, na yaliyobaki yatapungua. Fundi alilisikia kila neno, akalikunja, akaliweka mahali ambapo hata yeye hakutaka kupafungua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila wahenga hawakuwahi kuwa na pikapu.

Akapanga hila. Angetangaza kuliuza gari ili nyumba ipoe, kisha kila mnunuzi angemtoa kasoro, mpaka Bi Mkubwa asahau. Alichukua kipande cha plaiwudi na rangi nyekundu, akaandika bango mwenyewe. Mkewe alipotaka kumsaidia alimwambia, "Nimechora maua kwenye vitanda mia saba, nishindwe na herufi?" Akalining'iniza kwenye bampa.

Wanunuzi walikuja. Wa kwanza alifunga mlango kwa kishindo, Fundi akamwambia samahani, limeshapata mtu. Wa pili alikuwa na mikono laini mno. Wa tatu alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akalizunguka huku akiligonga kwa pete yake.

"Hili la kukata tu, mzee. Si mwenyewe umeandika linaoza?"

"Unaoza wewe na ukoo wako!" Fundi alimfukuza hadi barabarani. Wapita njia nao hawakumpa nafasi. "Fundi, mahari kiasi gani?" "Fundi, mume asiye na leseni anakubaliwa?" Yeye alicheka nao. Kwani si wote walijua kwamba gari linaitwa Bi Mdogo?

Siku ya tisa akaja mwanamke wa makamo, amevaa buti za mpira zenye udongo. Alikuwa mwenye kitalu cha miche upande wa pili wa mto, na miche yake aliisafirisha kwa mkokoteni wa kukodi, ambao kila safari ulimvunjia mitatu minne.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kuposa."

"Marahaba. Mahari unayo?"

"Ninayo. Ila bango lako limenichekesha. Wenzako huandika gari linauzwa, wewe umeandika linaozwa."

"Nimeandika linauzwa."

Mwanamke alilitazama bango, akamtazama yeye. Tabasamu likamwisha. "Baba, hiyo ni O."

Fundi akasogea. Aliona U. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa ubao, bado akaona U. Ndipo akaweka kidole, kwa maana kidole cha seremala hakijui kumdanganya mwenyewe. Rangi aliipaka nzito, ikakauka na kuacha tuta. Kidole kilishuka upande mmoja, kikapita chini, kikapanda upande wa pili, na pale juu palipopaswa kuwa wazi hakikukuta uwazi wowote. Kilizunguka hadi kilipoanzia.

Alizunguka nacho mara ya pili. Kisha akamgeukia mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Uliliona?"

"Nililiona."

"Siku tisa?"

"Nilikuwa nangoja ulione wewe."

Fundi aliona aibu hadi masikio yakamchoma. Alimkumbuka mnunuzi wa vyuma, aliyesoma vibaya kidogo tu na kutukaniwa ukoo mzima. Na chini ya aibu kulikuwa na woga, ule aliokuwa ameukunja na kuuweka mbali.

Mwenye miche alijifanya hakuona lolote. Alifungua mlango wa dereva, na alipoufunga aliuinua kidogo kwanza, bila kufundishwa, kama mtu aliyeishi na milango iliyochoka. Alipita nyuma, akapima bodi kwa shibiri, akauliza kama linapanda mlima likiwa na mzigo. "Likizimwa vizuri, asubuhi linawaka," Fundi alisema, "likizimwa kwa hasira linanuna." Mwanamke akasema hata yeye yuko hivyo. Kisha akaomba kulijaribu.

"Twende wote," alisema Bi Mkubwa. "Lakini mimi upande ule sikai tena."

Kwa kuwa mlango wa abiria ulikufa, wote walipandia upande wa dereva, na Fundi ndiye aliyejisukuma mpaka mwisho. Miaka thelathini na moja, na hakuwahi hata mara moja kukaa pale. Chuma kilichobonyea kilimkuta mara moja, chini kidogo ya kwapa. Alijaribu kukaa wima, hakikumruhusu. Akakipapasa kama alivyolipapasa bango, akapima kutoka kwenye ukingo wake hadi mahali ambapo kichwa cha mwanamke mfupi kingekuwa. Vilikuwa vidole vinne.

Gari lilikwisha kutoka nje ya uwanja. Mwenye miche alibadilisha gia kwa utulivu, na injini ikamwitikia.

"Uliumia wapi?" Fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mbavu. Mbili."

"Uliniambia umekwenda kupima presha."

"Na wewe uliniambia nini?"

Barabara ilikuja mbele ya Fundi kama inavyokuja siku hizi, katikati iko, pembeni hakuna kitu, na ndani ya hicho kisicho kitu mtu angeweza kutokea, au ng'ombe, au nguzo. Angeendelea hivyo hivyo. Aliujua moyo wake. Kesho angeng'oa bango, keshokutwa angemwomba Bi Mkubwa apande, na Bi Mkubwa angepanda.

"Si mtoto wa jicho," alisema.

Mkewe hakugeuka. Aliendelea kutazama mbele, ila bega lake lilitulia juu ya bega la mumewe na halikuondoka.

Walifika kwenye njia panda. Mwenye miche alipunguza mwendo, akainama kutafuta kioo cha upande wa pili, akakuta hakipo.

"Baba," aliuliza, "huko kwako pako wazi?"

Fundi aligeuza uso dirishani. Mazoea yalikwisha kumletea jibu mdomoni, jibu la dereva wa siku zote, na ilibaki kulitema tu. Alilimeza.

"Usiniulize mimi, mwanangu. Sioni. Inama uangalie mwenyewe. Gari ni lako."