Likizo ya Gona

Mwaka wa arubaini na nane, Gona wa Thoya alikuwa kuli katika ghala la pamba huko Changamwe. Siku moja robota lilimwangukia, bega la kulia likateguka. Baada ya kufungwa kitambaa, karani Rashid alimwambia, "Umepewa likizo, wiki tatu. Nenda."

Gona hakulijua neno hilo, na aliona haya kuuliza. Njiani akapita kwa jirani yake Mwanasaumu, mkunga mzaliwa wa Likoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkono una nini?"

Akamweleza, kisha akauliza, "Likizo ni nini?"

Mwanasaumu alikuwa amempakata mjukuu wake aliyekuwa akilia. Mama wa mtoto alikuwa amejipaka shubiri chungu kifuani tangu alfajiri, asinyonye tena.

"Ndiyo hii," akacheka. "Mtoto akiachishwa ziwa, twasema amelikizwa. Kulikiza ni kumwachilia mtu, kumfungua aende zake."

"Akishalikizwa harudi?"

"Arudi titini kufanya nini, wallahi?"

Gona alikwenda nyumbani. Siku nne hakulala vizuri. Mkewe Nyamvula akamsihi, "Kamuulize karani tena."

"Nimuulize nini? Nimeambiwa na wenye Kiswahili chao. Wamenifukuza kwa neno la upole; hizo wiki tatu ni za bega kupona tu."

Siku ya tano alifungua kitambaa, akajipanga langoni mwa ghala na vibarua. Msimamizi wa zamu alikuwa mgeni, hakumjua. Gona alitaka waone bado ana nguvu. Robota la kwanza alilibeba. La pili likamwangusha, akapiga ukelele.

Rashid alikuja mbio. "Mbona hukukaa nyumbani? Nafasi yako ilikuwa ikikungoja!"

"Si mlinilikiza?"

"Tulikufungua kazi upumzike, Gona, kisha urudi!" Rashid alijishika kichwa. "Nami sikukueleza."

Bega halikupona tena, na ghala halina kazi ya mtu asiyeweza kubeba. Mwanasaumu alimletea uji kila asubuhi, macho chini. Siku moja alishindwa kujizuia.

"Ulimi wangu ndio uliokuponza."

"La, mama. Ulinijibu nilichouliza. Karani ndiye niliyepaswa kumuuliza."

Mvua za masika zilipokaribia, Gona na mkewe walirudi kwao Kaloleni. Nyamvula alilima, na Gona akamfuata nyuma akitia mbegu mashimoni kwa mkono wa kushoto, polepole.