Picha Isiyo na Sura

Fundi wa sare za shule alikuwa anatia vifungo shati la tatu, asubuhi ya Jumatano, askari wa damu ya binti yake walipoanza kutoka sikioni mwa mtoto. Walikuwa wadogo kama ufuta, weupe, wakashuka kwenye mto wa kulalia mmoja mmoja bila kusukumana. Fundi alikata uzi kwa meno, akaweka shati pembeni. Mtoto alikuwa na mwaka na miezi minane, na hiyo ilikuwa siku ya tatu ya homa; macho mekundu, vipele vimeteremka kutoka nyuma ya masikio hadi kifuani.

"Mnakwenda wapi na kazi haijaisha?" aliwauliza.

"Kazi yenyewe hatuijui, mama," mkubwa wao alijibu, kofia mkononi. "Tuliambiwa akija mgeni mwenye sura hii, tumkamate. Hebu tazama mwenyewe."

Akatoa picha. Ilikuwa nyeupe, mbele na nyuma.

"Surua kaingia puani na pumzi ya watu, akatusalimia vizuri tu, tukampisha. Sasa yuko vyumba vyote, na anazaa."

Fundi alijua picha hizo huja na sindano ya chanjo. Mtoto alichomwa mbili, na aliyemchoma ni muuguzi wa zahanati, dada wa mumewe, yule yule aliyemkata mtoto kitovu. Basi akawakusanya askari kwenye kopo la vifungo, akambeba mtoto mgongoni, akaenda kwa wifi yake.

Zahanati ilikuwa na akina mama kumi na wawili kwenye benchi, kila mmoja na mtoto wake, na wifi anawachangamsha.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mwaka mzima yuko kwenye baridi, hajakohoa hata siku moja."

"Friji!" wakaitikia, wakacheka.

Fundi akafungua kopo mezani. Askari wake wakajipanga, wakainua picha zao. Mara askari wa watoto wa kwenye benchi nao wakatoka masikioni, kila mmoja na picha yake nyeupe, wakajaa mpaka kizingitini.

"Jamani, foleni! Msinizibie mlango," alisema wifi. "Na mwenye viatu vya matope abaki nje."

Fundi alifungua friji la chanjo, akaingiza mkono. Vuguvugu kama kwapa. Chumba kilikuwa na soketi moja, na humo ilikuwa imechomekwa mashine ya kukaushia nywele, kwa maana wifi alikuwa na wateja wake wa kusuka. Karatasi ya joto ilining'inia mlangoni pa friji: nyuzi nne asubuhi, nyuzi nne jioni, mpaka tarehe thelathini. Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na mbili.

"Wifi, tarehe thelathini umeifikia lini?"

"We nawe! Bado hujaacha kunichunguza?"

Chini ya meza mwana wa wifi, rika moja na mgonjwa, alikuwa anapanga vifuniko vya chupa, afya tele. Askari wake wakachungulia, wakaona wenzao wanahangaika, wakawaonyesha picha yao. Ilikuwa na sura kamili. Ungeweza kuhesabu vipele.

"Hii mmeipata wapi?" aliuliza mkubwa wa askari.

"Hospitali ya ng'ambo ya mto. Mama alitupeleka mwenyewe, mara zote mbili."

Fundi akampandisha mtoto mgongoni, alikuwa anateleza.

"Wako ulimvusha mto."

"Pikipiki ina siti moja, wifi."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba friji langu ni kabati?"

Askari wake walikuwa wanainakili ile picha kwa kipande cha chaki yake ya kuchorea vitambaa. Walipomaliza walirudi sikioni mbio. Akina mama wengine walingoja zamu zao, maana zahanati ilikuwa hiyo hiyo moja.

Walipigana siku sita. Homa ilishuka, vipele vikabanduka kama maganda ya kitunguu. Lakini picha ilikuwa imechelewa. Jicho la kushoto lilibaki na utando mweupe, na mtoto akawa anageuza kichwa kama kuku kutafuta kijiko chake.

"Ni dada yangu," mume alisema. "Tukimpeleka mbele ya sheria, tutabaki na nani?"

Mwezi uliofuata karatasi mpya ilitundikwa kwenye friji, imeshajazwa yote.

Jumapili wifi alikuja kumjulia hali mgonjwa. Fundi alimsogezea kiti. Mtoto alisikia sauti, akapiga kelele, "Shangazi!" akamkimbilia, akajigonga upande wa kushoto kwenye ukingo wa meza, akainuka bila kulia. Kisha akapandisha mkono wa gauni mpaka begani, akamnyooshea.

"Huyu ndiye mtoto," alisema wifi. "Hajui kuniogopa."

Akampulizia mkono, pole pole, kama alivyowafanyia wote aliowachoma sindano.