Mchujo wa Maji Meusi

Adoyo alipangusa kidole gumba kwenye ovaroli, akakibandika tena kwenye kioo cha mashine ya alama za vidole. Taa nyekundu.

"Hujatambuliwa," ikasema sauti ya kike.

"Paka mate!" mtu alimwambia kutoka kwenye foleni. "Au umeazima kidole cha marehemu?"

Wakacheka kidogo. Kila mmoja alikuwa akikagua vidole vyake.

Jana tangazo lilisema leo kuna mchujo, na Adoyo akafurahi. Kwake mchujo ulikuwa wa maji meusi, yale yanayobaki mti ukishapikwa kuwa karatasi. Hupitishwa kwenye tando nyembamba, gundi ya mti iitwayo lignini ikabaki, maji yakaenda ziwani. Kazi yake ni kuosha tando hizo kwa magadi makali. Mchujo ukiwepo, kazi ipo. Akawahi.

Kumbe mchujo wa watu. Asiyetambuliwa na mashine ni mfanyakazi hewa, jina tupu kwenye orodha ya mishahara.

"Shikamoo mama," alisema Machibya, ofisa utumishi, macho kwenye simu.

"Marahaba. Mwanangu, si unanijua? Wewe ndiye uliyeniajiri."

"Mimi nakujua. Mfumo haukujui."

"Magadi yamenila vidole. Niliomba glavu, mkasema zinakuja."

"Mama, hewa haivai glavu."

Safari hii foleni ilicheka sana.

Paulo, msimamizi wa zamu, akaja mbio. "Wageni wanaokuja kuona mtambo wamefika getini, na chujio limeziba! Nani anaosha?"

Machibya akaweka simu mfukoni. "Mama, tusaidie hilo. Halafu tutaona."

Adoyo akaingia. Aliosha kwa mikono mitupu, magadi yakimchoma kwenye mipasuko, mpaka maji yakaanza kutoka yameng'aa. Wageni wakapiga makofi. Mkubwa wao alichota unga wa kahawia, lignini iliyokaushwa, akausugua kwa vidole.

"Hii ni dhahabu," akasema, akaegemea ukuta mweupe kwa mkono uleule apigwe picha.

Walipokwenda kula, ukutani zilibaki alama za vidole vyake vitano, kila mstari unaonekana.

"Futa hapo, mama," Machibya akasema. "Ovaroli utaiacha getini."

"Ulisema tutaona."

"Si tumeona?"

Adoyo akachovya kidole gumba kwenye unga, akakibandika kando ya vile vitano. Likatoka doa tupu, halina hata mstari mmoja.

Machibya akaliangalia.

"Na hilo pia," akasema.