Kiti cha Aliyechoma

Sheria ile niliitunga mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Fundi akikuchomea propela, ule mrija wa chuma unaopita chini ya gari kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, siku ya kulijaribu gari lazima apande, akae kiti kilicho juu ya pale alipounga. Mrija ukikatika gari likiwa mbioni, hupasua sakafu pamoja na aliyeikalia. Mafundi wenzangu wa Bungoma walinicheka. Wateja hawakucheka. Walikuja hata kutoka Suam kumtafuta Wakoli anayekalia kazi yake.

Kiburi kilinijaa, nakubali. Sasa nina miaka hamsini na minne na macho yamekwisha.

Hayakuisha kwa siku moja. Tangu mwaka jana kuna ukungu katikati ya kila ninachokitazama. Nikimtazama mtu usoni naona masikio. Nikitazama ufa wa kuchomea, naona chuma cha pembeni, ufa wenyewe siuoni. Ni moto wa miaka thelathini, na miwani nyeusi niliyoivaa siku nilizokumbuka. Aliyejua ni mke wangu Lenah tu, kwa sababu aliniona nikimimina chai nje ya kikombe. Nilimwambia anyamaze. Alinyamaza, lakini kunyamaza kwa Lenah kuna kelele zake.

Ndipo akaja Ngari, mwalimu wa fizikia kutoka Kitale, na daftari nene kwapani. Marehemu baba yake alimwachia pikapu ya Pijo iliyokufa injini. Naye alikuwa amenunua Hailaksi ya dizeli iliyopinduka. Alitaka kutoa injini, giaboksi na difu, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma, za Hailaksi na kuzipachika kwenye Pijo, nyumbani kwao, kwa mikono yake. Alikuwa amepanga kwa miezi minane.

"Fundi, zingine zote nitafanya mimi," aliniambia. "Nakuachia propela tu. Ya Hailaksi ni refu sana, na ya Pijo haiwezi kuingia kwa hiyo giaboksi. Lazima ikatwe na iungwe. Si uangalie hapa."

Akanipa daftari. Niliona kingo za karatasi.

"Nisomee," nilimjibu kwa ukali. "Mimi vipimo huwa nasikia."

Mjinga mimi. Yeye akadhani hayo ndiyo maringo ya fundi bingwa, akasoma ukurasa baada ya ukurasa kwa furaha, nami nikiitikia kwa kichwa.

Alipoondoka nilitafuta kipande cha propela kuukuu, nikakikata, nikakiunga. Nilipitisha kidole kwenye kovu lake, nikaona ni laini. Nikakipiga nyundo. Pigo la tatu kikafunguka kama ganda la maharagwe. Nilikaa juu ya mtungi mtupu wa gesi. Na niseme ukweli: hofu ya kwanza haikuwa ya kufa wala ya kuua. Niliogopa kuitwa kipofu na watu niliokuwa nimewadharau.

"Kitale unaenda kufanya nini?" Lenah aliniuliza Jumamosi asubuhi.

"Kupima gari ya watu."

"Na macho ya nani?"

Nilimfokea. Alinipangia mfuko wangu kama kawaida, akanisindikiza mpaka stendi.

Kwa kina Ngari pikapu ilikuwa imeinuliwa juu ya mawe kando ya ghala la mahindi. Mama yake, Mukami, alitutolea meza nje, akaleta chai na viazi vitamu. Alikaa karibu nami.

"Nimekuwa nikimwambia auze hicho chuma," alisema. "Sipendi gari ya kuungwaungwa. Silali nikifikiria. Lakini ameniambia ile sheria yako, ati wewe mwenyewe unakalia hapo. Nikasema basi, kama fundi anakaa, mimi nitakaa na yeye. Hiyo kiti ya katikati ndio nilikuwa nakalia mzee wangu akiendesha."

Kwa mara ya kwanza niliuona mrija ule ukipanda juu kupitia sakafu, na haikuwa miguu yangu iliyokuwa pale.

Ngari akaniita nikaweke alama ya chaki mahali pa kukata. Nilitia mkono mfukoni mwa begi kutafuta chaki, nikagusa kitu kizito kilichofungwa kwa gazeti. Nilikijua kabla sijakifungua. Lenah alikuwa amekitia alipopanga mfuko. Bado ningeweza kusema naumwa, au kwamba mashine ya kuchomea imeharibika. Uongo nilikuwa nao wa kutosha. Lakini yule mama alikuwa akinisubiri nimalize ili aniongezee chai.

Nikakiweka kile kipande mezani.

"Hii nilichoma juzi," nilisema. "Nyundo tatu tu."

Ngari alikigeuza mkononi. "Imeshika upande mmoja pekee. Hapa umechoma kando ya ufa."

"Sioni katikati, mwalimu. Hata sura yako siioni."

Nilingoja matusi, au huruma, ambayo ningeichukia zaidi. Ngari, mtu wa hesabu, aliuliza maswali tu.

"Hii macho ilianza lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa nane."

"Na tangu hapo umechoma propela ngapi?"

Mwaka mzima nilikuwa nimeogopa propela ambazo bado sijachoma. Zilizotoka nilijiambia ni salama, kwani kila moja niliikalia, tukaenda Mabanga na kurudi, na hakuna kilichokatika. Safari moja, gari tupu, barabara nzuri. Nilianza kuhesabu kwa vidole, mkono wa kwanza ukajaa, nikaingia wa pili. Tisa. Ya mwisho ilikuwa ya jirani yangu Wekoye, ambaye hubeba wakata miwa wa Kabuchai nyuma ya pikapu, watu kumi na wanne wamesimama.

"Saa hii ni saa ngapi?" niliuliza.

"Saa saba na robo."

Ndiyo saa anayowarudisha nyumbani.

Ngari alinibonyezea namba ya Wekoye, maana mimi siioni. Mara ya kwanza simu haikushikwa. Mara ya pili pia. Mukami aliniondolea kikombe mkononi kwa sababu kilikuwa kinanimwagikia. Mara ya tatu nikasikia injini, na nyuma yake watu wakicheka.

"Niaje, Wakoli. Niko balabalani na watu, bana, nitakupigia."

"Wekoye, simama."

"Ati?"

"Simamisha gari hapo ulipo. Shusha watu wote. Hiyo propela yako niliichoma bila kuiona."

Injini iliendelea kunguruma, na mimi niliibana simu sikioni mpaka likauma. Kisha injini ikazimika. Nikasikia watu wakiteremka, wakinung'unika kwamba nyumbani bado ni mbali.

Ngari alikuwa amefungua ukurasa mpya wa daftari lake, amekwisha kuandika Wekoye.

"Mwingine ni nani?"

Aliyemtangulia alitoka Suam na kilori cha vitunguu. Alinisifu sana, akanishika mkono, akaenda zake. Jina lake sikuwahi kumuuliza.