Mafuta ya Jumapili

Igoki aling'aa kama kokwa la parachichi. Alfajiri kule nyumbani Kiritiri, mama yake, Mukami, alimwogesha, akampaka mafuta mpaka midomoni, akamvika gauni la kanisani na soksi nyeupe. Mtoto hapelekwi hospitali mchafu. Watu watauliza ana mama wa aina gani.

Basi walipofika hospitalini, muuguzi Gladwell alimtupia jicho moja tu. "Huyu anapendeza! Mama, keti kule nyuma. Walio hoi kwanza."

Wakaketi. Saa tatu ikapita, ya nne ikaingia. Kifua cha mtoto kilienda mbio begani mwa Mukami kama cha kuku aliyefukuzwa.

"Baba Igoki, nenda uwaambie," akamwambia Njagi, mumewe.

"Si nilienda? Yule sister, muuguzi, akaniuliza mtoto anaendeleaje, nikamwambia hajambo."

"Hajambo?"

"Sasa ningeanzaje na shida kabla ya salamu?"

Mukami nusura acheke. Mume huyu, hata angeulizwa habari akiwa kaburini, angejibu nzuri. Kisha akamtazama Igoki. Na yeye je? Ni mkono wa nani uliomng'arisha mtoto hivi, kama wa kupelekwa kupigwa picha?

Akasimama. Akaipita foleni yote.

"Wewe mama, panga laini! Kwani sisi tumekuja kutazama sinema?" mtu akafoka kwenye foleni.

Hakugeuka. Alimlaza Igoki mezani kwa Gladwell, juu ya makaratasi, akamvua gauni, akashika pindo la leso na kumpangusa midomo. Chini ya mafuta, midomo ilikuwa ya rangi ya jivu. Kila pumzi ilipoingia, ngozi ya chini ya mbavu ilibonyea, ikaacha shimo la kutosha kidole.

"Niulize mimi," Mukami alisema. "Niulize anaendeleaje."

Gladwell hakuuliza. Alimbeba mtoto akakimbia, akiitisha oksijeni kwa sauti iliyosimamisha foleni nzima.

Mlango ukafungwa. Njagi aliokota gauni, akalikunja vizuri, akalikunjua, akalikunja tena. Mukami alijifuta viganja kwa leso; mafuta hayakutoka.

Mama wa usafi akapita na ndoo yake. "Habari zenu, wazazi?"

Njagi alifungua mdomo. Akamtazama mkewe. Akaufunga.

Nyuma ya mlango mtoto akakohoa, na wote watatu wakageuka.